Kiti Kifupi cha Mponda Kokoto

Asiyejua atakwambia kukaa si kazi. Tuli alikaa tangu usichana wake mpaka mvi zikaanza kumchungulia chini ya kitambaa cha kichwa, na alilipwa kwa kukaa, na kila jioni alirudi nyumbani amechoka kama mtu aliyeshinda akipakua saruji. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akimpokea mkoba mlangoni na kumuuliza, "Leo umekaa vizuri?" Naye hujibu, "Nimekaa mpaka nimechoka kukaa. Sogea nikae." Utani huo ulikuwa wa ndani ya nyumba, na kama sufuria nzuri, ulitumika kila siku bila kutoboka.

Kazi yake ilikuwa katika Ukumbi wa Viti wa kata. Kila kata ya nchi ile ilikuwa na ukumbi wake, kwa kuwa dini ya nchi ilikuwa moja, tena haikuwa na mambo mengi. Waliotangulia waliibeba nchi, wakachoka, wakaitua mabegani mwa waliobaki. Basi waliobaki wasiishushe. Mtu aliyeifanyia nchi kazi akifa, seremala wa serikali alimchongea kiti, na kwenye mgongo wa kiti, kwa chuma cha moto, yakachomwa maneno machache ya kazi aliyoifanya. Hapakuwa na sanamu wala picha. Palikuwa na viti tu, safu kwa safu, vimeelekea mlangoni kama watu wanaongoja wageni.

Na kiti hakikutakiwa kupoa. Kila mwezi jamaa wa marehemu walikuja, wakakikalia kwa zamu, wakatoa habari kwa sauti: fulani kaoa, mvua imechelewa, mimi mjukuu wako nimefanya hiki na hiki kwa ajili ya nchi. Kusema uongo kitini ilikuwa aibu kuliko kukutwa na mbuzi wa jirani. Kiti kilichopoa kilikuwa mtu aliyesahauliwa, na nchi inayowasahau wabebaji wake, walimu waliwaambia watoto, huanguka kama gunia lililoachiwa upande mmoja.

Lakini wapo waliokufa bila kuacha mtu. Viti vyao viliwekwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, pakaitwa Safu ya Wakiwa. Kwa ajili ya hao ndipo Tuli alipoajiriwa. Hawakuwa na wa kuwakalia, serikali ikawatafutia mkaaji.

Yeye mwenyewe alikuwa mkiwa. Mwaka wa mafuriko aliokotwa sokoni akiwa kichanga, ndani ya beseni lililokwama chini ya meza ya muuza vitunguu, akalelewa katika nyumba ya watoto ya serikali. Kukosa mama na baba ni pigo moja. Katika nchi ile, kukosa kiti lilikuwa pigo la pili juu ya kidonda cha kwanza. Mtoto akiapa huapa kwa kiti cha kwao. Yeye aliapa kwa viti vyote, na wenzake wakamzomea wakimuuliza kiti chake kiko wapi, au kimekwenda kuchota maji? Hakupigana nao. Alikuwa akikaa na kuwatazama mpaka wanachoka wenyewe, na mlezi wa nyumba ile, mwanamke mwenye sauti ya tarumbeta na moyo wa pamba, akampa jina la Tuli. Alipofikia umri wa kujitegemea, mlezi alimshika mkono mpaka ukumbini, akamwambia Mwangalizi, mwanamume mwembamba ambaye funguo zake za kiunoni zilisikika kabla yake, kwamba amemletea mtu anayejua kukaa.

Basi akakaa. Alimkalia mpeleka barua aliyevuka mto uliofurika na mfuko wa barua kichwani. Alimkalia mkunga, na mlinzi wa ghala aliyeuzima moto akabaki humo, na mwalimu aliyefundisha shule isiyo na paa. Tuli alimpa kila mmoja habari zake. Alimwambia mpeleka barua kwamba siku hizi watu huandikiana kwa simu, naye asihuzunike, maana hawana la maana wanaloandikiana. Alimhesabia mkunga mapacha waliozaliwa mwezi huo.

Mwisho wa safu, ukutani, kilikuwapo kiti kifupi. Miguu yake ilikuwa mifupi hata mtu mzima akikikalia magoti yanamfika kifuani. Watu walisema seremala aliishiwa mbao, na watoto wakikiona walikigombania. Mgongoni kiliandikwa: ALIPONDA KOKOTO ZA BARABARA YA HOSPITALI. Hakikuwa na jina. Waliokiomba walikuwa vibarua wenzake, na wao walikuwa wakimwita Bibi tu, kama watu wote wanavyomwita mwanamke mzee anayefanya kazi bila kusema sana.

Kiti hicho Tuli alikiacha kuwa cha mwisho kila siku, kama mtoto anavyoacha nyama pembeni ya sahani. Sababu alikuwa nayo. Mlezi alimsimulia kwamba mwaka ule wa mafuriko barabara zote za mji zilikatika, ikabaki moja, ya hospitali, na juu ya hiyo moja ndipo beseni lake lilipopita, ndani ya gari la wagonjwa, yeye akiwa ameshaanza kuwa wa bluu. Barabara ile haikukatika kwa sababu chini yake palikuwa na kokoto zilizopondwa sawasawa. Kabla Tuli hajajua kulia vizuri, alikuwa ameshabebwa na mkono wa mwanamke huyo.

Alipoolewa, mambo ya kiti yalimrudia upya. Desturi ya ndoa ilikuwa hivi: bibi harusi huketishwa kwenye kiti cha kwao, na mama wa bwana harusi huja mbele yake, huinama na kukiamkia kiti, "Shikamoo." Bibi harusi huitika, kwa niaba ya mwenye kiti, "Marahaba." Siku hiyo moja tu mama mkwe humwamkia mkwe. Siku nyingine zote za maisha huwa kinyume.

Mama yake fundi alikuwa mzee wa baraza la kata, na mtaani walimwita Bibi Safu, kwa kuwa watu wa kwao walijaza safu nzima ya mbele: masajini, mpima ardhi, hakimu, na babu mmoja aliyechimba kisima cha kwanza cha mji. Alikuwa mrefu, alitembea na fimbo ambayo hakuihitaji, na ulimi wake haukuwa na mfupa. Siku ya harusi alimtazama Tuli aliyesimama katikati ya ukumbi na gauni alilolishona bwana harusi mwenyewe, akasema, wala si kwa ubaya, bali kama mtu anayesoma saa: "Kwetu tunakaa. Asiye na kiti atasimama. Hamna neno."

Fundi aliinuka kwenye kiti cha mchimba kisima akaja kusimama pembeni ya bibi harusi. Akasema suruali yake ameipiga pasi vizuri, hataki kuikunja. Watu wakacheka, ndoa ikaandikwa, lakini shikamoo ile haikutolewa na marahaba ile haikuitikwa. Pakabaki pengo, kama jino lililong'oka mbele.

Bibi Safu hakuwa mkwe mbaya. Tuli alipojifungua binti yao, ni yeye aliyehamia nyumbani kwao, akampikia uji, akamkanda, akawafukuza wageni waliokaa mno. Jambo moja tu hakulikubali. Tuli akianza kuapa, hata kwa jambo dogo la jikoni, mama mkwe alimkatiza: "Usiape, mwanangu. Huna pa kuapia." Tuli aliyameza maneno hayo kama dawa chungu, siku baada ya siku, akaendelea kumwamkia kila asubuhi. Bibi Safu naye aliitika marahaba fupi, kama mtu anayefunga droo.

Kisha ukumbi ukajaa. Nchi ilikuwa na watu wengi waliofanya kazi, na watu hufa. Viti vya marehemu wapya vilirundikwa stoo miguu juu, na kumweka marehemu miguu juu kulikuwa matusi. Idara ya Waliotangulia ikatoa amri: viti visivyo na jamaa viondolewe, mbao zake ziwe madawati ya shule. Mwangalizi alikuja kumweleza Tuli pale pale kwenye Safu ya Wakiwa, huku akizishika funguo zake zisilie.

Tuli hakukasirika. Aliona amri ile ina akili. Siku hiyo alikaa kiti kwa kiti akiwapa habari wenyewe. Alimwambia mwalimu kwamba atakuwa dawati, na alihisi mbao zimefurahi. Alimwambia mpeleka barua kwamba watoto watamwandikia juu. Alipofika kwenye kiti kifupi akakiwekea mkono mgongoni.

"Hiki nacho?" akauliza.

Mwangalizi alitazama dari. Alisema seremala amekipima, mbao zake ni fupi mno, hazitoi hata ubavu wa dawati. Kitakwenda jikoni kwa wapishi wa ukumbi.

"Kuni?"

"Tuli, si mimi."

Alikaa akamtazama, kama alivyowatazama wenzake wa utotoni. Mwangalizi akaanza kuondoka, funguo zikaanza kulia. Ndipo akamwita.

"Mzee. Na kwa jasho je?"

"Kwa jasho nini?"

"Tunasema kila asubuhi kwenye kiapo cha nchi, wewe na mimi na watoto wa shule. Mtu huwa wa mtu kwa damu, au kwa jasho. Damu mimi sina."

Mwangalizi akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Hayo ni maneno ya kusema tu."

"Basi wote tumekuwa tukisema uongo kitini?"

Kwa neno hilo Mwangalizi hakuwa na funguo. Akalipeleka kwenye baraza la kata, na wazee wakalibishania asubuhi nzima. Wengine walisema jasho ni la kupambia kiapo tu, kama maua kwenye gauni. Wengine walisema mlango huo ukifunguliwa kila mtu atajidai mjukuu wa hakimu. Aliyelimaliza alikuwa Bibi Safu. Aligonga sakafu kwa fimbo akasema neno likiwa ndani ya kiapo ni neno, wala nchi haiapi kwa mapambo. Afanye. Ila afanye kweli.

Na masharti akayataja yeye. Tuli atadai kiti kimoja tu, maana mtu hana ukoo kila kona. Ataifanya kazi ya mwenye kiti kwa mikono yake, kuanzia jua lichomoze hadi lizame, na kiti kikimwangalia. Lundo la kokoto likifika kwenye kitako cha kiti, kiti ni chake na yeye ni wa kiti. Lisipofika kabla maseremala hawajaja mwisho wa juma, kiti kitakwenda jikoni.

Nyumbani, fundi alimtazama mkewe kama aliyeletewa kitambaa asichojua atakishona nini. Alimkumbusha kwamba hata kitunguu ni yeye anayemkatia. Tuli akamwambia kitunguu si jiwe, kitunguu kinaliza. Fundi akachukua futi yake ya kitambaa, akaushika mkono wa mkewe na kuupima kidole kwa kidole. Asubuhi palikuwa na glavu za turubai mezani, zimeshonwa mshono wa mara mbili.

Barabara ya hospitali ilikuwa ikitengenezwa baada ya mvua. Kando yake walikaa waponda kokoto, kila mmoja na rundo lake la mawe, nyundo yake, na pete ya mpira wa tairi ya kulishikilia jiwe lisirushe vipande machoni. Aliyepewa kumwonyesha Tuli kazi alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya kuogopesha, wakimwita Radi. Radi alimtazama kuanzia kitambaa hadi viatu, akawauliza wenzake kama huyu ndiye yule anayelipwa kwa kukaa, na kama nafasi zipo zaidi.

"Usilipige kwa hasira," akamwambia hata hivyo, akimpa nyundo. "Jiwe lina mshipa. Liguse kwanza, ulione linakotaka kupasukia. Ukilazimisha, litakupasukia wewe."

Mwangalizi alikibeba kiti kifupi mwenyewe kutoka ukumbini, akakiweka chini kwenye vumbi kwa heshima kama anamteremsha mgonjwa. Jua likachomoza. Tuli akavaa glavu, akashika nyundo, akakaa, akaanza.

Mwanzoni mawe yalimcheka. Baadaye moja likakubali, kisha la pili. Radi alimsuta na kumfundisha kwa pumzi ile ile. Lundo likaanza kuwa na umbo. Jua lilikuwa limekwisha kupanda vizuri, na Tuli ameanza kuimba chini kwa chini, Bibi Safu alipofika na mwavuli wake. Alisimama akatazama kitambo, midomo ikiwa imebana.

"Mwangalizi," akasema, "nimesema kiti kimwangalie. Sasa kinamwangalia wapi?"

Mwangalizi akatazama. Radi akatazama. Tuli akajitazama mwenyewe. Alikuwa amekikalia kiti.

Hakuna aliyegundua, na Mwangalizi aliona haya kuliko wote, kwa kuwa miaka yote alizoea kukiona kiti kile na Tuli juu yake. Kwa Tuli lilikuwa jambo la mwili tu. Ukimwekea kiti, anakaa, kama kuku anavyopanda kwenye kichanja giza likiingia. Lakini sheria ilikuwa wazi. Aliye juu ya kiti yuko kwenye zamu ya kukaa, anamkalia marehemu. Hapondi kokoto zake, na kiti hakikaliwi kwa madai kabla hakijapatikana. Bibi Safu alilitamka hilo bila kupandisha sauti, na lundo lile likabatilishwa. Vibarua walikuja na makarai wakalizoa, likaenda kumwagwa barabarani.

Jioni ile fundi hakuuliza kama amekaa vizuri. Aliloweka mikono ya mkewe kwenye maji ya chumvi, akamlisha kwa kijiko, na Tuli akasema maneno ambayo hajawahi kuyasema juu ya mama wa mtu. Alisema Bibi Safu alingoja makusudi mpaka lundo likue. Alisema harudi tena, waichukue mbao, wakapike. "Naapa kwa..." akaanza, na neno likamfia mdomoni. Akabaki na mdomo wazi na mikono ndani ya beseni. Hakuwa na pa kulimalizia. Fundi aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta sindano.

Asubuhi iliyofuata hasira zilikuwa zimempoa, akamtuma Mwangalizi kwa Bibi Safu kuuliza kama mtu aweza kujaribu tena. Alirudi akihema na jibu: kiapo hakisemi mtu atoke jasho mara ngapi.

Safari hii, kesho yake jua likichomoza, Radi alimtandikia gunia. "Weka makalio yako hapa, na yakikumbuka kazi ya zamani, yakanye."

Tuli akakaa chini, akakunja magoti, akaiweka nyundo kwenye mkono wa kulia. Na mbele yake, kwa mara ya kwanza maishani, akakiona kiti chenyewe. Alikuwa akikijua kwa mgongo na kwa mapaja. Hakuwahi kukitazama uso kwa uso. Kutoka pale kwenye gunia, kitako cha kiti kilikuwa sawa na kiwiko chake, mahali hasa lundo la mponda kokoto linapoanza kumzuia mkono, naye hujua amemaliza kazi ya siku. Seremala hakuishiwa mbao. Alikuja hapa barabarani, akapima lundo la mwisho aliloliacha mwanamke yule, akachonga kiti chenye kimo cha lundo hilo, cha kukaliwa magoti yamekunjwa kifuani, namna alivyozoea kukaa.

Magoti. Kufikia jua la utosi Radi alikuwa ameshanyoosha miguu mara nyingi, akilaani viungo vyake kimoja kimoja, na wenzake vivyo hivyo. Tuli alikuwa bado amekunja magoti kifuani, ametulia. Mikono ilimwaka moto, mabega yalitetemeka, lakini kiuno na magoti yake havikuuliza kitu. Miaka yote ile, jioni baada ya jioni, kiti kifupi kilikuwa kimemkunja taratibu katika umbo la mwenyewe.

"Wewe," Radi akasema, akiacha kucheka, "nani alikufundisha kukaa hivyo?"

"Bibi," akasema Tuli.

Alasiri lundo lilipanda, likaporomoka upande mmoja, likapanda tena. Malengelenge yalipasuka ndani ya glavu. Fundi aliifunga cherehani akaja kusimama, na binti yao akatoka kazini na sare yake, na watu wa mtaa wakakusanyika, wengine wakiwa wamekuja kuona akishindwa. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa hata kipande. Bibi Safu alikuwa ameketi kwenye kistuli cha kukunja, mwavuli juu, fimbo magotini, na kila lundo lilipoonekana limefika alikuja, akailaza fimbo kutoka kitako cha kiti hadi juu ya kokoto, akaichungulia kwa jicho moja, akasema bado. Akarudi kukaa. Akasema bado tena. Kivuli cha Radi kilikuwa kimevuka barabara.

Tuli hakumtazama. Alikuwa akitoa habari kwa sauti ya kazini, kati ya pigo na pigo. Alikiambia kiti kwamba barabara inatengenezwa. Kwamba za chini, za kwake, hazijaguswa, wahandisi wamesema ziachwe, hakuna zilizo imara zaidi. Kwamba kuna mtoto mmoja aliyepitishwa juu ya kokoto hizo ndani ya beseni. Nyundo ikashuka. Jiwe likatafuta mshipa wake likapasuka. Akavitia vipande juu ya lundo kwa viganja viwili, kama mtu anayemimina unga.

Fimbo ikalazwa. Ikalala sawa. Bibi Safu aliinama akaitazama upande huu, akazunguka akaitazama upande ule, na mtu mmoja nyuma akakohoa kwa kukosa subira.

"Limefika," akasema.

Pakawa na kelele kidogo, kisha zikajizima zenyewe, maana kulikuwa na jambo bado. Tuli aliinuka kwenye gunia. Alikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu. Mwangalizi alikipangusa kiti kwa leso yake mwenyewe akakigeuza kielekee watu. Tuli akakikalia, mahali pale pale alipokuwa akikaa siku zote, na magoti yakamfika kifuani kama siku zote, lakini hakuwa amekaa kwa niaba ya serikali.

Vibarua wakasimama. Watu wa mtaa nao. Bibi Safu tayari alikuwa wima, lakini alikikunja kistuli chake akampa mwanawe akishike, na mwavuli, na mwisho fimbo.

"Kwetu leo tunasimama," akasema.

Kisha akaja. Bila fimbo alitembea polepole kuliko walivyomzoea, juu ya kokoto zilizotawanyika, mpaka mbele ya kiti kile kifupi. Ilimbidi ainame sana, mwanamke mrefu kama yule, hata uso wake ukawa chini ya uso wa Tuli.

"Shikamoo," akakiambia kiti.

Tuli alimwona kwa karibu, mikunjo ya shingo, hereni moja iliyopinda, macho yasiyokwepa. Angeweza kumngojesha. Alikuwa na haki ya kumngojesha, na wapo waliotamani afanye hivyo.

"Marahaba," akaitika, kwa sauti ya mzee asiyesema sana, na akampa mkono uliochubuka ili aweze kuinuka.

Kiti kiko ukumbini hadi leo, safu ya kati, karibu na dirisha. Madawati ya Safu ya Wakiwa yako shuleni, na Tuli huenda kuyaona. Tangu siku ile tatizo limebaki moja tu nyumbani kwa fundi: mkewe anaapa mno. Anaapa juu ya chumvi kwenye mchuzi, juu ya nani kaacha dirisha wazi, juu ya uzito wa nyanya sokoni, "Naapa kwa kiti cha bibi yangu, aliyeponda kokoto za barabara ya hospitali," yote hayo, bila kuruka neno, mpaka fundi humwomba akiweke kiti akiba. Na Bibi Safu, akiwa sebuleni, akisikia kiapo kinatoka jikoni, hugonga fimbo sakafuni.

"Ameapa," husema. "Basi ni kweli."